Mihogo ya Siku Moja

Wapo wasomaji walioniandikia baada ya kusoma toleo la wiki iliyopita. Mmoja ameniita mama jasiri. Mwingine anasema ananiombea kila asubuhi kabla ya chai. Ahsanteni sana. Ila someni kwanza ya leo mpaka mwisho, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama ataendelea kuniombea.

Kwa aliyejiunga nasi leo: jina langu ni Pulchérie, wengi wananiita Mama Fanny. Vita ilitutoa Lubondja mwaka wa tisini na tisa. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu Alphonse, mama mkwe wangu Godelieve, na binti yetu Fanny, wakati huo ana miaka saba. Tuliishi porini miezi minne. Huko porini, asubuhi moja, Fanny aliamka akashindwa kusimama. Hakuwa na homa wala hakuwa ameanguka. Miguu tu ilikuwa imekakamaa.

Tuliporudi kijijini kwa muda mfupi, wazee wa ukoo walikaa kumtafuta aliyemroga. Mimi nilisimama mbele yao nikasema nilimwona mama mkwe akimlisha mtoto kitu alichokifunga kwenye jani, kwa siri, nyuma ya kibanda. Walipomuuliza, mama Godelieve aliinamisha kichwa akasema ndiyo, ni yeye. Akafukuzwa siku ileile. Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita.

Mmeniambia mlilia. Mmemlaani yule bibi kwa barua za kurasa mbili. Mimi sikulia siku ile. Kifua changu kilikuwa kimekufa ganzi, na ganzi ina faida yake: mtu anapika, anafua, anambeba mtoto, siku zinakwenda.

Haya, tuendelee.

Vita ilirudi, na ukoo mzima tukashukia Baraka, tukapanga vibanda vyetu katika mtaa mmoja karibu na ziwa. Alphonse akapata kazi ya kubeba magunia pwani. Mimi nilifua nguo za watu. Fanny nilimfunga mgongoni kila nilipokwenda, maana mtoto wa miaka tisa anayetambaa anachekwa.

Mama Godelieve naye alifika Baraka, peke yake, kwa miguu yake. Alikaa sokoni nyuma ya akina mama wauza mawese, akiwavunjia kokwa za michikichi ili wampe chakula. Nilipita pale kila siku ya soko. Kila nilipopita nilimfunika Fanny kichwa kwa kitenge, nikageuza uso. Miaka miwili mizima nilifanya hivyo na sikuwahi kukosea.

Siku moja nilimpeleka Fanny kwenye kituo cha afya kutafuta dawa ya kikohozi. Muuguzi alikuwa Eugène, lakini wote tulimwita dokta. Aliishika miguu ya Fanny, akaikunja, akaikunjua. Kikohozi hakukiuliza.

"Mama Fanny, kule pori mulikuwa munakula nini?"

"Bugali, dokta. Bugali ya mihogo."

"Ile michungu?"

"Njo ile tulikuwa nayo."

"Mulikuwa munaiacha mu maji siku ngapi?"

"Tatu," nikasema.

Eugène akaiweka miguu chini polepole.

"We ni mama wa ine mwezi huu. Batoto bane, miguu ya bote namna moja, na bamama bote banasema tatu. Mihogo ikikaa siku tatu, ine, sumu yake inaenda na maji. Mutoto hawezi kuanguka hivi."

Niliishusha sketi ya Fanny ikafunika magoti.

"Na kama ilikaa moja?" nikauliza baadaye. "Nauliza tu."

"Moja? Sumu yote iko mule ndani. Mutoto anakula hivyo wiki na wiki, hakuna samaki, hakuna nyama, siku moja anaamuka miguu imekauka. Ugonjwa unaitwa konzo. Mulozi hakuna pale, mama. Ni mihogo."

Akamgeukia Fanny, akamwambia aseme jina lake, ahesabu mpaka kumi. Fanny akahesabu mpaka ishirini kwa maringo.

"Una bahati, we. Bengine inabakamata mupaka ulimi. Kule pori ulikuwa unapata samaki kidogo?"

"Samaki tungetoa wapi, dokta?" nikasema. "Njia ya ziwa ilikuwa imefungwa."

"Koko alikuwa ananipa," Fanny akasema. Kwetu koko ni bibi, hata babu.

Nikamwangalia.

"Alikuwa na ndagala kidogo mu kitambaa chake. Ananifungia mbili, tatu, mu jani. Anasema nikulie nyuma ya nyumba, sababu haitoshe batu bote."

"Basi huyo koko wako alikusaidia sana," Eugène akasema. "Iko wapi? Yeye njo ningependa kumupa mukono."

Nilimfunga Fanny mgongoni. Nikaomba dawa ya kikohozi, nikamshukuru dokta, nikatoka. Nilinunua chumvi njiani. Nakumbuka nilimlalamikia mwenye chumvi kwamba kipimo chake kina tundu.

Sasa nyinyi mnaonisoma nawaambia nisichomwambia dokta. Siku moja. Mihogo yangu ilikuwa inakaa majini siku moja.

Kule porini kijito kilikuwa mbali na vibanda, na watu wenye bunduki walikuwa wamejua kwamba kila penye kijito kuna mihogo ya wanawake. Walikuwa wanakuja kuichukua. Wanawake wawili walikwenda kuangalia mihogo yao, hawakurudi. Basi mimi nikawa naizamisha leo, kesho alfajiri naichomoa, naikatakata ingali ngumu, naikausha juu ya moto, natwanga.

Mara ya kwanza mama mkwe aliokota kipande akakipeleka puani.

"Pulchérie, hii haijanuka."

Mihogo iliyoiva majini inanuka. Kila mwanamke wa kwetu Fizi anajua harufu ile, hata mtoto wa kike akitumwa mtoni anaambiwa, kama hainuki rudi.

"Basi enda we mwenyewe uingoje inuke," nilimjibu.

Alikiweka kipande chini. Nikatwanga. Tulikula hivyo wiki tano, mpaka asubuhi ile ya miguu.

Kwa hiyo alijua. Wazee walipokaa, alijua kabisa miguu ya Fanny ilipotelea wapi, na bado akasema ni yeye. Niliyapanga hayo yote kichwani nikitembea, na hakuna lililoniuma. Nilijipima kama mtu anayejipima homa. Hakuna kitu.

Jioni ile, tukila, nilimwambia Alphonse.

Hakuacha kula. Alikata tonge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo.

"Mi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Dokta aliniambia tangu mwezi wa tatu. Siku ile nilienda peke yangu kumuuliza juu ya miguu yake, we uko nafua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Desturi yetu unaijua. Mama mwenye kuharibu mutoto wake, anarudishwa kwabo. Mutoto anabaki kwa ukoo. Kwenu Pulchérie, iko nani tena? Bote baliisha. Na Fanny nani atamubeba? Mi naenda ku magunia jua halijatoka."

"Na mama yako?"

"Mama yangu ni muzee."

Alisema hivyo, halafu tonge likamshinda. Akalia, mwanaume mzima, mikono ina bugali. Nikamletea maji anawe. Ningependa kuwaandikia kwamba nilimkumbatia au nilimchukia. Nilichukua sahani nikaenda kuosha.

Tukakubaliana kunyamaza. Tulinyamaza siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili ikaja na Tania.

Tania alikuwa jirani yetu mpya, ametoka Kilembwe na watoto wawili. Asubuhi hiyo nilimkuta ameinama kwenye beseni, anachomoa mihogo majini na kuipanga juu ya bati.

"Ulitia lini?" nikamuuliza.

"Jana."

"Ni ile michungu?"

"Mama Fanny, kwani sokoni iko ingine?"

"Basi iache ikae. Bado siku mbili."

"Batoto banalia njaa. Na beseni ni ya Mama Dorothée, anaitaka leo. Kwetu tumekula hivi tangu vita inaanza, na tuko bazima."

Mwanawe mdogo, Nicolas, alikuwa anakimbiza kuku. Miaka mitano. Niliiangalia miguu yake ikipiga vumbi, kushoto kulia, kushoto kulia, nikashindwa kuondoa macho.

"Dokta anasema ni sumu," nikasema.

"Badokta banasemaka mingi."

"Inaua miguu, Tania. Fanny hivi unamuona..."

"Fanny alirogwa na koko yake. Batu bote banajua. Usinitishe, mi niko na kazi."

Njia ya kujitoa ilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa nimeshamwonya, mtu akionywa akakataa, shauri yake. Nilianza hata kuondoka. Nilipiga hatua nne au tano, nikamsikia Nicolas anacheka nyuma yangu.

Nikarudi. Nikamfungua Fanny mgongoni, nikamkalisha chini mbele ya lile beseni.

"Hakurogwa," nikasema. "Ni miye. Nilimulisha mihogo ya siku moja. Mama mukwe alifukuzwa bure, na mi njo nilisema uongo juu yake."

Tania aliniangalia. Akaiangalia miguu ya Fanny, jinsi inavyopishana. Kisha akachukua kipande cha kwanza juu ya bati, akakirudisha majini. Akachukua cha pili.

Alivirudisha vyote. Mimi nilikaa pale palepale nikitazama kila kipande kinavyozama, na hapo nilisikia kitu. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo. Tangu tutoke Lubondja sikuwa nimefanya jambo hata moja lililomfaa mtu, na hili lilikuwa limefaa. Nisingetaka mtu aniondoe pale.

Hilo la beseni Mama Dorothée alilipigia kelele hadi saa sita. Katika kelele hizo Tania akamweleza sababu. Mchana mtaa mzima ulikuwa unajua, na kesho yake asubuhi wazee wakaniita.

"Umetuua," Alphonse akasema. Alitangulia kutembea, hakuniangalia tena.

Kwetu mambo ya ukoo hukatwa lubunga, kile kibanda cha wanaume. Cha Lubondja kilichomwa, kwa hiyo Baraka wazee walijijengea kingine, miti sita na hema la plastiki juu. Mwanamke haingii isipokuwa kuitwa kusema alichokiona. Ilikuwa mara yangu ya pili kuitwa. Nilimlaza Fanny juu ya mkeka, nikapiga magoti.

Aliyekaa kwenye kiti ni baba Patrice, baba mkubwa wa Alphonse.

"Pulchérie, maneno yako tuliyasikia ku kisima. Tunataka tuyasikie hapa."

Niliyasema yote. Kijito, siku moja, mihogo isiyonuka, ndagala kwenye jani. Nilisema kwa sauti moja kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

"Desturi unaijua?" baba Patrice akauliza.

"Naijua, baba."

"Mutoto anabaki kwetu. We unaenda."

"Naijua."

"Na bado unasema?"

"Baba, bamama mingi hapa Baraka banatoa mihogo mu maji kisha usiku moja. Mukisema ni bulozi, nani ataacha mihogo ikae? Kesho mutaita koko mwingine hapa. Na kesho kutwa mwingine. Na batoto bataendelea kuanguka."

Wazee walinong'onezana. Nyuma kabisa Alphonse alikuwa amekaa, uso katikati ya magoti.

"Neno hili tulilifunga Lubondja," baba Patrice akasema. "Kama tunalifungua, tulifungue mbele ya mwenyewe. Muite Godelieve."

Alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama nje juani tangu nianze kusema, na hakuna aliyempa kiti. Aliingia taratibu, kitenge chake kina madoa ya mawese toka juu hadi chini. Alikuwa amekonda kupita nilivyomwona sokoni. Huenda sokoni sikuwahi kumwona.

"Godelieve, kule kwetu ulikubali. Leo muke wa mutoto wako anasema ulionewa. Unasema nini?"

Mama mkwe akanitazama. Miaka miwili hatukuwa tumetazamana. Nilingoja anitemee mate, na nilitaka anitemee.

"Huyu mwanamuke anasema uongo," akasema.

"Mama!" nikapaza sauti.

"Nyamaza. Mi njo nilimuroga mutoto. Nilisema kule, nasema na hapa. Mumuache aende nyumbani na mutoto wake, jua limeanza kuwa kali."

"Mama, dokta mwenyewe anasema..."

"Dokta alikuwa na sisi kule pori?"

Wazee wawili walikuwa wanasema kwa pamoja. Baba Patrice alivua kofia akajifuta uso nayo.

"Nimekaa lubunga tangu kijana," akasema. "Batu banakatalaka makosa. Leo nyinyi bawili munanyanganyana moja."

"Koko Patrice."

Sauti ilitoka chini, kwenye mkeka. Fanny alikuwa ameinuka kwa viwiko.

"Mutoto hasemake hapa," mzee mmoja akasema.

"Mumuache," baba Patrice akasema. "Miguu ni yake. Sema, mama yangu."

"Si mama. Na si koko." Sauti yake ilikuwa safi. "Ni miye. Mara ya kwanza mama alitaka mihogo ikae. Mi nililia. Nililia usiku muzima, nikamwambia kama hapiki nitakufa, nitamuachia. Njo akaenda kuitoa mu maji. Kama singelia, mama hangeenda kuitoa. Nilijiharibu mwenyewe."

Jambo hilo sikuwaambia nyinyi. Sikumwambia dokta, wala Alphonse, wala wazee. Nimewaambia habari za bunduki na za wanawake wawili, na ni kweli, lakini usiku wa kwanza kilichonipeleka mtoni ni kilio chake. Niliona ni aibu kumtaja mtoto katika kosa langu, nikalifukia. Na yeye muda wote huo alikuwa analijua. Kila nilipomfunga mgongoni, kila nilipomfunika kitenge, alikuwa humo ndani anajihesabia kosa, miaka miwili, mtoto wa miaka tisa.

Ganzi iliniachia palepale. Iliuma, nawaambieni ukweli, iliuma mpaka nikapiga kelele mbele ya wazee, na mama mkwe ndiye aliyefika kwa Fanny kabla yangu. Alimchukua, akamkumbatia kifuani, madoa ya mawese yakamhamia mtoto. Mimi nilitambaa hadi pale walipo. Hakunisukuma.

"Mutoto wangu, njaa si kosa," alikuwa anamwambia. "Nani alikufundisha njaa ni kosa?"

Baba Patrice alitungoja. Alituacha tulie mpaka sauti zikatushinda. Lakini yeye ni mkuu wa lubunga, na neno lililofunguliwa mbele ya wazee halirudi nyumbani wazi. Alivaa kofia yake.

"Tumesikia batatu," akasema. "Muzee anasema ni ye, mama anasema ni ye, mutoto anasema ni ye. Desturi inataka mutu moja atoke hapa leo, na mi siwezi kufukuza mutoto mwenye kutambaa. Basi muniambie, batu ya nyumba hii. Tufukuze nani?"

Mama mkwe alifungua mdomo, nami nikafungua wangu, na kabla hata mmoja wetu hajatoa sauti, nyuma kabisa, Alphonse, aliyejua tangu mwezi wa tatu, akasimama. Hapo nawaachia mpaka wiki ijayo.